Chupa Mbili za Mavrodaphne

Jumatatu, 4 Mei

Divai tena. Mwalimu wetu, Madame Odette, ameandika majina ya Ugiriki ubaoni mpaka chaki ikamwishia mkononi. Nemea. Naoussa. Santorini. Samos. Patras. Tumenakili kimya. Katika darasa zima hakuna aliyewahi kuona mzabibu. Hapa Lubumbashi zabibu tunaziona nyuma ya vioo vya maduka ya mjini, tunapita, basi.

Waliotutangulia walipewa divai za Ufaransa. Sisi tumepewa Ugiriki kwa sababu rais wa jury, baraza la mtihani wetu, ni Mzee Yanis, mwenye restorani mjini. Ni Mgiriki aliyezaliwa hapa hapa, Kiswahili chake kinashinda changu. Siku ya jury atakaa mezani kama mteja, yeye na wenzake wawili. Tutawahudumia mmoja mmoja, nao watatupa pointi. Chupa analeta yeye. Atakayekuwa wa kwanza, atamchukua kazini. Mmoja tu.

Ninaitaka ile kazi. Naandika hapa kwa sababu kwingine sitasema. Mbele ya watu sauti yangu inarudi ndani. Nina miaka kumi na minane, na bado duka likiwa na watu wengi nalipita, naenda la mbali. Mtu kama mimi anasomea kuhudumia watu! Mama ndiye alichagua. Alisema itanifungua.

Dorcas, rafiki yangu, naye anaitaka. Yeye amesema wazi, mbele ya wote: "Ile kazi iko yangu. Muanze kulia sasa." Darasa likacheka. Mimi pia.

Jumatano, 6 Mei

Nimetoka kwetu Makomeno nikaenda Kamalondo, kwa nkambo wa Dorcas, bibi yake aliyemlea. Tunasoma uani kwao, kati ya sufuria na nguo zilizoanikwa. Fotokopi ni moja kwa wawili. Desturi yetu ya tangu zamani: mimi nasoma Kifaransa, nafasiri kwa Kiswahili, yeye anashika kwa kichwa. Kusoma kunamchelewesha Dorcas, herufi zinamchezea machoni. Lakini akisikia neno mara moja limeingia. Halitoki.

Na hasikii kama watu wengine. Kila zabibu anaitafutia ukoo.

Nimemsomea Nemea. Zabibu yake ni Agiorgitiko, divai nyekundu, laini. Dorcas: "Huyu iko shemeji muzuri. Anasalimia bantu bote, hagombane na mutu. Umuweke na nyama, umuweke na kuku, iko sawa tu."

Naoussa, kaskazini, milimani. Zabibu yake Xinomavro, kali mdomoni, inataka miaka ndipo inyweke. "Huyu iko tantine mukali, ule shangazi banaogopa. Ukimutembelea angali kijana, atakutukana mpaka ulie. Umuache azeeke. Njo atakupikia."

Santorini, kisiwa cha volkano. Assyrtiko, nyeupe. Upepo wa kule ni mkali, kwa hiyo wakulima wanausuka mzabibu chini kama kikapu, na zabibu zinakua ndani yake. Hapo Dorcas akafikiri kidogo. "Iko sawa na mama wa soko. Upepo ikikuya, anafunika tomati zake na mwili."

Nimecheka mpaka fotokopi ikaangukia beseni la nguo. Nkambo akauliza kutoka ndani: "Munasoma ao munakunywa?"

Sijui watu wengine wanachekea wapi. Mimi ni pale tu.

Ijumaa, 8 Mei

Sheria za etiketi. Kichwa kinauma.

ΠΟΠ: jina la mahali linalolindwa. Zabibu zitoke pale pale, na divai ifanywe jinsi sheria ya pale inavyotaka. ΠΓΕ: jina la jimbo, masharti mepesi kidogo. Ukiandika zabibu moja kwenye etiketi, themanini na tano kwa mia ya divai lazima iwe hiyo. Dorcas kauliza zile kumi na tano zilizobaki ni za nani. Kisha kajijibu: "Iko bageni bale habakualikwa."

Kwa herufi za Kigiriki amepata dawa yake. ΠΟΠ ni mlango, gurudumu, mlango. ΠΓΕ ni mlango, jembe, chanuo. "Ya milango mbili njo mukubwa," akasema.

Halafu Madame Odette ametuonyesha chupa tupu ya zamani. Juu ya kizibo imebaki karatasi nyembamba, utepe wa buluu. Sheria ya Wagiriki: ΠΟΠ yenye utepe wa buluu ni tamu, yenye utepe mwekundu ni kavu, haina sukari. Dorcas kapiga makofi. Rangi hazisomwi.

"Buluu, sukari. Nyekundu, apana."

Njia nzima ya kurudi aliiimba hivyo.

Jumanne, 12 Mei

Mzee Yanis ameleta masanduku. Madame Odette amenituma nikapokee, ati mimi sivunji vitu wala sisumbui watu kwa maneno. Ni kweli. Inaniuma kidogo kwamba ni kweli.

Tulipokuwa tunapanga, Mzee akashika chupa mbili, moja kila mkono. Zote nyeusi. Zote Mavrodaphne.

"Angalia vizuri, mutoto wangu. Zabibu ni moja. Hii inaandikwa ΠΟΠ, ya Patras. Kuitwa vile, sheria inataka ikuwe tamu, ya kunywa na keki, chakula ikiisha. Hii ingine baliifanya kavu. Basi sheria inawanyima ile jina. Wanaandika ΠΓΕ, jina ya jimbo tu. Hii njo ya nyama."

Nikasikia sauti inauliza: "Na utepe, papa?" Ilikuwa sauti yangu. Sijui ilitokea wapi.

Akaangalia shingo za chupa. Hazina kitu. "Ah, utepe! Siku hizi bengi habaiweke tena." Akacheka. "Hapa njo bantu bataanguka."

Nimerudi nyumbani na jambo tamu mdomoni. Kesho nitamwambia Dorcas.

Jumatano, 13 Mei

Dorcas hakuja masomoni. Nkambo alikuwa na homa, ilibidi auze samaki sokoni badala yake. Sijamwambia.

Alhamisi, 14 Mei

Dorcas karudi. Tumeketi chini ya ukuta, juani, kwa sababu baridi ya asubuhi imeanza. Nikafungua mdomo nimwambie. Yeye akaanza kwanza.

"Zile chupa za Mzee, buluu ikiwa juu, iko tamu. Buluu haiko, sukari haiko. Hapo miye siwezi kuanguka hata wanifunge macho."

Hapo hapo. Hapo ndipo pa kusema. Neno lilikuwa limefika kwenye meno.

Madame Odette akapita, akamsikia. "Dorcas, ukisema vile siku ya jury, ile kazi umeipata."

Nikafunga mdomo.

Haya yangu naijua. Haya inachoma masikio, inakausha koo. Hii ya leo haikuchoma. Ilikuwa baridi. Nilijua vizuri ninachofanya.

Jumamosi, 16 Mei

Nimefua. Nimepiga pasi shati jeupe na sketi nyeusi ya jury. Nimepika lengalenga, nimeunguza.

Najiambia sikudanganya. Sikusema kitu. Mtu hafungwi kwa kutosema kitu.

Najiambia pia: angeweza kuangalia mwenyewe. Halafu nakumbuka ni mimi niliyekuwa macho yake miaka hii yote. Yeye alikuwa mdomo wangu.

Nimechoka kujiambia.

Jumapili, 17 Mei

Baada ya ibada nimeenda hadi kona ya kwao Kamalondo. Nimesikia anaimba uani. Nimerudi.

Jumatatu, 18 Mei

Niandike yote, kwa mpangilio, bila kujipendelea.

Meza moja katikati ya darasa, kitambaa cheupe. Mzee Yanis na wawili wengine wameketi. Chupa zimepangwa kwenye meza ya pembeni. Mwanafunzi anaingia, anachagua karatasi kwenye sahani, anasoma, anafanya. Aliyemaliza anakaa nyuma kwenye benchi. Wengine wanangoja nje, mlango wazi nusu.

Nimeitwa kabla ya Dorcas. Karatasi yangu: mteja anakula samaki, mshauri. Nikachukua Assyrtiko ya Santorini. Nikamwonyesha Mzee etiketi, nikataja kisiwa, zabibu, ΠΟΠ. Akaniuliza, kwa upole: "Na juu ya nini mizabibu ya kule inakaa chini?"

Nilijua jibu kwa Kifaransa, mistari yote, na hata mmoja haukutoka. Wote wakanitazama. Na kisha nikasikia ninasema: "Iko sawa na mama wa soko, papa. Upepo ikikuya, anafunika tomati zake na mwili."

Mzee akapiga meza. Akacheka mpaka akavua miwani. Wenzake nao. Akataka Naoussa. Nikampa tantine mkali. Akataka Nemea. Nikampa shemeji mzuri. Sauti ilikuwa inatoka peke yake, ya juu, ya mtu mwingine. Hata Madame Odette alicheka. Maisha yangu yote sijawahi kuchekesha watu. Nilienda kwenye benchi miguu haigusi chini.

Dorcas akaitwa. Alipoingia uso wake ulikuwa umebadilika. Nikafikiri: ameshikwa na woga, hata yeye.

Karatasi yake: mteja anakula mbuzi wa kuchoma, anaomba Mavrodaphne.

Akaenda kwenye chupa. Akaangalia shingo ya kwanza, akaangalia shingo ya pili. Akatafuta buluu. Haiko. Nikaona midomo yake inasoma: mlango, gurudumu, mlango. Mlango, jembe, chanuo. Buluu haiko, kwa hiyo kwake zote ni kavu. Na mgeni anapewa iliyo kubwa, ndivyo tulivyolelewa. Akachukua ya milango miwili.

Mimi benchini nilibana magoti. Ningeweza kukohoa. Sikukohoa.

Akaileta mezani. Akasema mahali, akasema zabibu, kama anayesomewa imla. Mzee akamngoja, tayari ana tabasamu. "Na huyu, yeye iko nani ku familia?" Dorcas akafungua mdomo. Akageuka, akanitazama mara moja. Akajibu: "Iko nyeusi, patron. Ya Patras." Tu.

Akazibua. Halafu akamimina kidogo kwenye glasi, akanywa mwenyewe.

Madame Odette akafumba macho. Ametukataza mara nyingi: hapa mteja ndiye anayeonja kwanza. Lakini kwetu mwenye kumimina anaonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Nkambo wa Dorcas hawezi kumpa mtu hata maji bila kuyagusa na midomo yake. Dorcas alipopotea njia, alirudi pale.

Akasimama na glasi. Akameza. Kisha, kwa sauti safi kabisa: "Patron, unisamehe. Hii iko na sukari. Haiendane na mbuzi. Nimekosa chupa. Nalomba nibadilishe."

Mmoja wa jury akacheka puani. Mzee Yanis hakucheka. Akasema, "Badilisha, mama." Lakini kalamu zao zilikuwa zimekwisha kuandika.

Neno ambalo mimi nimeshindwa kumwambia rafiki yangu uani kwao, kwamba nimekosa, yeye amelisema mbele ya wanaume watatu, akiwa amesimama.

Jumanne, 19 Mei

Mimi ni wa kwanza. Dorcas hata kati ya watano hayumo. Ile chupa, na ile glasi aliyoonja, vilimlia pointi.

Mama kachinja kuku. Kanifanya nirudie mbele ya majirani jinsi nilivyochekesha jury. Nimerudia. Tantine mkali, shemeji, mama wa soko. Wamecheka. Mama alikuwa na machozi ya furaha. "Mutoto wangu amefunguka."

Kuku sikumsikia ladha.

Alhamisi, 21 Mei

Nimeenda. Nimefika mpaka uani, safari hii sikurudi konani.

Dorcas alikuwa kwenye kigoda, anachambua maharagi. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikakaa juu ya beseni lililopinduliwa. Nikasema yote kwa mara moja, nisije nikakimbia katikati: Mzee alinieleza zile chupa mbili, nilijua hazina utepe, nilijua ipi ni tamu, nilikusikia unajidanganya, nikanyamaza kwa sababu niliitaka kazi.

Akaendelea kuchambua. Jiwe moja, jiwe lingine, anatupa.

"Ya chupa," akasema, "ile nitakusamehe. Pengine hata leo. Miye ningekuwa weye, sijue ningefanya nini. Na macho yangu iko yangu, sikuyaacha kwako."

Nikaanza kushukuru. Akainua mkono.

"Ngoja. Nilikuwa inje, ku mulango. Nilisikia banacheka. Nikajua banacheka nini. Tantine yangu. Shemeji yangu. Mama yangu wa soko. Mooja mooja, Ngalula, yote ulizitoa. Nikajiuliza, na miye naingia na nini?"

Niseme ukweli wote hapa: sikuwa nimefikiri. Nilikuja na dhambi moja, nimeipanga vizuri, nimeifunga kama zawadi. Hii nyingine sikuiona hata kidogo. Nilikuwa nairudia kwa majirani na nyama ya kuku mkononi.

Nikamwambia nitamwachia kazi. Nitaenda kwa Mzee, nitasema.

"Apana." Hapo ndipo alipokasirika. "Kama unaiacha, uiache juu yako. Usiniletee miye. Unataka nibebe sahani za zambi yako kila siku mu mikono?"

Nkambo akatokea mlangoni na shali mabegani, homa imemwishia. "Ngalula, utakula na siye? Bukari iko tayari."

Dorcas akajibu kabla yangu. "Apana, nkambo. Anaenda."

Jumapili, 24 Mei

Nimejaribu kutunga mfano wangu mwenyewe. Samos, Muscat, nyeupe, tamu. Nimekaa na kalamu asubuhi nzima. Samos iko kama... Samos iko kama...

Haikuja. Kutunga si kwangu. Mimi ni wa kusoma.

Ijumaa, 29 Mei

Darasani tunakaa mbali. Hakuna aliyeuliza. Kwa ajili ya mtihani wa taifa nimemfanyia nakala ya fotokopi yote, nikaiweka kwenye meza yake kabla hajafika. Kaichukua. Kasema aksanti, hakuangalia juu. Kisha akampa mvulana wa nyuma amsomee. Yule anasoma haraka mno, bila kufasiri. Nilimsikia Dorcas akimwambia polepole, polepole.

Nilitaka kusimama. Sikusimama. Safari hii ilikuwa ni haya kweli, ilichoma masikio. Haisaidii kitu kujua tofauti.

Jumamosi, 13 Juni

Mzee kanianzisha kazi siku za wikendi mpaka diploma itoke. Aproni nyeusi. Mikono inanuka limau.

Sikuiacha kazi. Niandike hilo pia. Nilienda siku moja hadi mlango wa restorani kuiacha, nikaingia, nikauliza nianze lini.

Mchana wamekuja wageni, wahandisi wa mgodi na wake zao. Wameomba divai nyekundu. Nikawaletea Naoussa. Mzee kutoka kwenye meza yake ya pembeni akapaza sauti: "Bambie ya tantine! Mutoto, bambie ya tantine!"

Nikawaambia. Wakacheka. Mama mmoja akafuta macho na kitambaa cha meza. Nikasema: "Ni ya rafiki yangu, Dorcas." Nilisema. Lakini walikuwa bado wanacheka na Mzee alikuwa anagonganisha glasi, na sauti yangu ilikuwa imerudi kuwa ile ya zamani. Hakuna aliyesikia.

Jumapili, 14 Juni

Ya tantine mara mbili. Ya shemeji mara moja. Mzee anasema wageni wanarudi kwa ajili ya hizo hadithi. Kaniambia nitafute nyingine, hizi zitazeeka.

Jumamosi, 4 Julai

Baridi. Vumbi jekundu limeingia mpaka ndani ya viatu.

Leo nilitoka mapema, nikapita Kamalondo, ingawa si njia yangu. Dorcas alikuwa mbele ya duka la mshonaji, anaonyesha wanawake wawili vitenge vilivyokunjwa. Ameanza kazi ya kuuza dukani kwa mshonaji. Alikuwa anawasimulia jambo, mikono hewani. Sikusikia maneno. Wale wanawake walikuwa wameinama kwa kicheko, mmoja kashika ukuta.

Nikapunguza mwendo. Akaniona.

Hakukunja uso. Hakugeuka. Akanyoosha mgongo kidogo, kama tulivyofundishwa kumpokea mteja, na akanisalimu kwa upole.

"Bonjour, Ngalula. Ça va?"

Miaka yote hatujawahi kusalimiana Kifaransa, mimi na yeye. Kifaransa ni cha walimu. Ni cha watu usiowajua.

"Ça va, merci," nikajibu.

Nikaendelea kutembea. Nyuma yangu wale wanawake walianza tena kucheka.